Kabla ya kukata utepe, tutajieni floraidi

Na Elifuraha Nnko

Kisima kirefu kikizinduliwa kijijini, mgeni rasmi hukinga maji kwa glasi, akainyanyua watu waone yalivyo maangavu, akanywa, akapigiwa makofi. Hapa Arumeru, mkoani Arusha, glasi ile haithibitishi kitu. Floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yetu, haina rangi wala harufu, na aliyeinywa hashikwi na tumbo usiku huo.

Inatoka kwenye miamba ya volkano, ile ile iliyouinua Mlima Meru. Maji yakikaa ndani yake muda mrefu huyeyusha madini hayo, kwa hiyo kuchimba chini zaidi si dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, maana kushika 1.5 kungefunga vyanzo vingi vya kaskazini. Siwalaumu walioamua hivyo, watu walihitaji maji. Sasa kiwango kimeshushwa hadi 1.5 kwenye karatasi. Kisimani maji ni yale yale.

Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi mtoto akiwa hajafika miaka 8. Akinywa floraidi nyingi kipindi hicho, yataota na mabaka meupe au ya kahawia, mengine yatameguka. Ukicheka tu Dar es Salaam unaambiwa, "Wewe wa Arusha!" Tumelizoea, tunataniana. Lakini floraidi ikizidi sana na kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa: miguu ya watoto hupinda, migongo ya watu wazima hukakamaa. Hapo utani unakwisha.

Linaloniudhi ni ushauri nusunusu tunaowapa akina mama. Tunawaambia wachemshe. Ni sawa, kipindupindu na homa ya matumbo vipo, waendelee. Ila floraidi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, iliyobaki inakolea. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu tu. Na yale magadi tunayotia kwenye makande yaive haraka, mengine yamejaa floraidi, basi hata aliyebahatika kupata maji mazuri anairudisha mwenyewe jikoni.

Njia za kuiondoa floraidi zipo. Kituo cha Wizara ya Maji pale Ngurdoto kimefanya kazi hii miaka mingi: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo hadi iwe mkaa, inasagwa chengachenga, inajazwa kwenye chujio, maji yanapita. Ikichomwa vibaya maji yananuka, na nani atakubali kuyanywa? Halafu mkaa huo huchoka, lazima ubadilishwe. Chujio lisilo na mtu wa kulibadilishia mkaa ni pambo.

Maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika. Familia yenye simtanki moja na bati safi inaweza kuwatengea watoto wadogo maji ya kunywa na kupikia, ya kisima yakabaki ya kufulia na kuogea. Lakini mama atatenga vipi kama hajui kisima chake kina ngapi? RUWASA, wakala wa maji vijijini, na jumuiya za watumia maji waipige rangi namba hiyo kwenye ukuta wa kila kilula, pamoja na tarehe ya kipimo.

Nawe msomaji, mkutano wa kijiji ujao simama uulize: floraidi ni miligramu ngapi? Wakikujibu "maji ni salama," usikae. Uliza tena mpaka upewe namba.