Kijana Akifika Konde

Kijana Mkristo aliyepangiwa kazi kaskazini mwa Pemba huteremka botini Mkoani, akapanda gari hadi Chake Chake, kisha akaendelea mpaka Konde, karibu na pale barabara inapoingia msitu wa Ngezi kuelekea Makangale. Pengine ni askari polisi katika kituo chake cha kwanza. Pengine ni fundi aliyefuata kazi ya ujenzi, au binti aliyepata ajira kwenye hoteli za ufukweni. Kwao Mbeya, Moshi au Mwanza, Jumapili ilikuwa ikimjia yenyewe: kengele, vipaza sauti, kwaya mbili tatu zikipokezana, mama akigonga mlango kwamba ibada ya kwanza imeshaanza. Konde hakuna atakayemgongea. Akitaka kusali na wenzake huenda ikambidi asafiri mpaka Wete, na wiki ambayo zamu haimruhusu, atasali peke yake chumbani au hatasali kabisa.

Toleo hili linahusu malezi ya vijana, nasi tumeamua kuyapima kwa kijana huyo. Tulimlea kwa miaka kumi na tano. Tulimpa nini cha kumtosha huko?

Kwa sehemu kubwa tulimpa mikusanyiko. Kuna kongamano la Pasaka, mkesha wa mwisho wa mwezi, tamasha la kwaya, semina ya uchumba. Siidharau mikusanyiko hiyo. Vyama vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA, TYCS na CASFETA vimewashika mkono vijana wengi sana katika shule za bweni, mahali ambapo wangeweza kupotea kimya kimya. Lakini imani iliyozoea kubebwa na sauti za wengine haijawahi kujaribiwa kama ina miguu. Ndiyo maana kipaimara kwetu kimekuwa kama mahafali: kijana anavaa nguo nyeupe, anapigwa picha na wazazi wa ubatizo, na miezi michache baadaye hatumwoni tena. Paroko analalamika, mchungaji analalamika, nasi sote tunailaumu simu ya mkononi.

Hapo Konde kijana wetu atapata rafiki Mwislamu wa rika lake. Rafiki huyo alianza chuo cha Kurani akiwa mdogo, akasoma mpaka akakhitimu msahafu. Husali sala tano bila kusubiri kiongozi wa vijana amkumbushe, na Ramadhani hufunga huku akiendelea na kazi zake juani. Siku moja, wamekaa barazani, atauliza bila ubaya wowote: Mungu mmoja anakuwaje na Mwana? Nyinyi mnafunga lini? Mbona makanisa yenu ni mengi hivyo? Na wewe, sala zako ni saa ngapi?

Swali hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Wengi huyajibu maswali kama hayo kwa njia mbili, na zote mbili ni za kitoto. Wa kwanza hucheka na kubadilisha mazungumzo, kisha usiku analala na shaka ambayo hana wa kumweleza. Wa pili hukimbilia silaha za ile mihadhara ya kulumbana iliyotapakaa Tanzania miaka ya 1980 na 1990, aya dhidi ya aya, mshindi akipigiwa makofi. Huyo anaweza kumshinda rafiki yake na bado asijue anachokiamini. Petro, katika sura ya tatu ya waraka wake wa kwanza, aliwataka Wakristo wawe tayari kulieleza tumaini lao, na akaweka sharti kwamba walieleze kwa upole na heshima. Upole wa namna hiyo hauwezekani kwa mtu asiyejua anachokieleza, kwa sababu asiyejua huogopa, na mwenye hofu hupandisha sauti.

Kwa hiyo nasema wazi kwamba jirani Mwislamu wa Konde ni baraka kwa kijana Mkristo. Anamuuliza maswali ambayo sisi walezi tulipaswa kumuuliza alipokuwa na miaka kumi na minne. Kijana aliyewahi kuuliza habari za Utatu katika darasa la kipaimara akaambiwa asibishane na mambo matakatifu, tumemtuma Pemba mikono mitupu. Na aliyekomaa utamjua hata kwa mambo madogo: mchana wa Ramadhani hali barazani, wala si kwa woga, ila kwa kuwa anamheshimu anayefunga.

Kanisa la Kianglikana la visiwa hivi lilianza na vijana waliokuwa katika hali kama hiyo. Mwaka 1864 Askofu William Tozer alihamishia Unguja kazi ya UMCA, misheni ya Kianglikana, na Sultani Majid akamkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na ukoo huko, na mji uliowazunguka ulikuwa wa Kiislamu. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, alisoma katika shule ya UMCA ya Kiungani, Unguja, akawa shemasi mwaka 1886 na kutumwa Chitangali, kusini mwa bara, mbali na maaskofu na makanisa ya mawe. Mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA. 

Malezi ya Kiungani yalikuwa makali, na wavulana wale hawakuulizwa kama wanayataka. Sitayapamba. Lakini walimu wao waliona jambo ambalo sisi tunalisahau, kwamba kijana hukomaa anapokabidhiwa kazi ambayo ikiharibika itaonekana. Sisi vijana wetu tunawapa viti vya kupanga na vyombo vya muziki vya kubeba. Nani amemkabidhi binti wa miaka kumi na minane darasa la Jumapili mwaka mzima, akakaa naye kila wiki kuzungumzia alichofundisha?

Tusipofanya hivyo, wapo watakaowalea kwa namna nyingine. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa mjini Moshi katika msongamano wa kukimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023 huko Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu waliofuata mahubiri ya kufunga mpaka kufa. Wale hawakukosa bidii wala machozi ya sala. Walikosa mtu wa kuwafundisha kupima wanachoambiwa.

Kuna mtihani mwingine mzito zaidi. Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi huko Unguja, akiwa njiani kwenda kuadhimisha Misa. Vijana wengi Wakristo visiwani walijiuliza wafanye nini na hasira yao. Kulia kwa ajili ya padri wako, kudai haki itendeke, na kesho yake asubuhi kumwamkia jirani kama jana, kwa kuwa si yeye aliyeua: jambo hilo halifundishwi kwa semina ya siku mbili. Linatokana na miaka ya kusoma Injili pamoja na mtu mzima anayeiishi.

Basi, mlezi mwenzangu, mchukue kijana mmoja, usianze na kumi. Soma naye Injili ya Marko mpaka mwisho, na umruhusu akuulize lolote. Usilolijua, mwambie hulijui, mlitafute pamoja. Na kijana wa usharika au kigango chako akipangiwa kazi Pemba, mpigie simu paroko au mchungaji wa Wete kabla kijana huyo hajapanda boti.