Muhimbili miaka 70, na sista wa Orlando

Mwaka huu Hospitali ya Taifa Muhimbili inatimiza miaka 70. Tunahesabu kuanzia 1956, ilipofunguliwa kwa jina la Princess Margaret, mdogo wake Malkia wa Uingereza wa wakati huo. Wanaopenda kuanzia mbali zaidi watairudisha hadi 1897, kwenye hospitali ya Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo. Yote sawa. Jijini Dar es Salaam ni vigumu kuikuta familia ambayo haina mtu aliyezaliwa, aliyelazwa au aliyeagwa pale. Pongezi hazitapungua, na zetu zimo. Lakini safu hii leo tunampa muuguzi ambaye hakuwahi kushika zamu Muhimbili hata usiku mmoja.

Nontsikelelo Thethiwe alizaliwa Oktoba 21, 1918, wilaya ya Tsomo, Transkei, Afrika Kusini. Jina la Albertina alilipata shuleni. Alilazimika kuwalea wadogo zake huku masomo yakikatikakatika. Aliposhinda nafasi ya kusomeshwa, akanyang'anywa kwa kosa la kuzidi umri. Mapadri Wakatoliki ndio waliomwokoa wakampeleka shule ya Mariazell. Huko akatamani utawa. Padri mmoja akamshauri vingine: mtawa hana mshahara, na nyumbani kuna midomo inayomngoja, bora uuguzi, maana mwanafunzi hulipwa akiwa bado anajifunza. Sisi wa Kiswahili ubishi huo hautusumbui. Alitaka kuwa sista, akawa sista.

Alianza mafunzo Johannesburg mwaka 1940, katika hospitali ya wasio Wazungu. Siku moja waliletwa majeruhi wengi wa ajali. Wodi zikafurika, watu weusi wakalazwa sakafuni, na upande wa Wazungu vitanda vitupu vilikuwepo. Wakubwa wa hospitali wakakataa kuvitoa. Siasa ya Albertina ilianzia kwenye sakafu ile, kabla hajahudhuria mkutano wowote.

Mwaka 1944 aliolewa na Walter Sisulu, na Nelson Mandela akasimama na bwana harusi. Rafiki yao Anton Lembede alimwonya bibi harusi palepale ukumbini kwamba mume anayemchukua tayari ameshaoa taifa. Maharusi wengi wangenuna. Yeye alizaa naye watoto watano, akalea na wa ndugu juu yake, na kwa miaka mingi mshahara wa uuguzi ndio uliolisha nyumba ile ya Orlando West, kwa sababu kazi ya Walter ilikuwa harakati, na harakati hazina siku ya malipo.

Kuanzia 1954 alikuwa mkunga wa manispaa, akizalisha wanawake majumbani Soweto. Gari hakuna. Mkunga alitembea kwa miguu, sanduku la vifaa kichwani: mabakuli, chupa za dawa, mikasi. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku alimsubiri mtu anayekuja gizani na hospitali yote kichwani mwake. Ni picha ambayo wakunga wetu wa vijijini hawahitaji kuelezwa.

Hapa ndipo habari yake inapotugusa. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, na wauguzi wa Kiingereza wakafunga virago. Bendera mpya ilipepea, lakini wodini nani angechoma sindano? Ombi likafika kwa chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, nacho kikiwa kimepigwa marufuku tangu 1960. Wakapatikana wauguzi 20, na miongoni mwa waliowatafuta na kuwaandaa alikuwa Mama Sisulu. Walivushwa kwa siri hadi Bechuanaland, ndiyo Botswana ya leo, kisha wakapanda ndege kuja huku.

Tuwafikirie kidogo. Ni watu wenye vyeti, wengine na kazi nzuri, wanaoondoka makwao kama wezi ili wakahudumie wagonjwa wa nchi wasiyoijua, kwa lugha wasiyoijua. Marufuku ya chama chao haikuondolewa hadi Februari 1990. Waliofungasha kama wa safari fupi walifungasha vibaya.

Aliyewaaga alibaki. Mwaka 1963 alikamatwa chini ya sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa ndani siku 90 bila mashtaka, mwanamke wa kwanza kufikwa na sheria hiyo. Juni 1964 Walter akafungwa maisha. Alitoka Oktoba 1989. Katikati hapo Albertina aliandamwa na amri za kumfungia mdomo na miguu kwa karibu miaka 18, na bado alfajiri alivaa sare akaenda kliniki. Alipostaafu manispaa hakupumzika, akaenda kwenye zahanati ya Dk. Abu Baker Asvat, na alikuwemo humo Januari 1989 daktari huyo alipopigwa risasi. Mei 1994 alikuwa bungeni, akisimama kumpendekeza msimamizi wa harusi yake awe rais. Alifariki Juni 2, 2011, akiwa na miaka 92.

Kwa hiyo tuna ombi kwa wakubwa wa Muhimbili. Jubilei huja na vibao vya marumaru, na vibao hivyo huandikwa majina ya wageni rasmi. Safari hii pawepo kimoja cha wauguzi wale waliokuja nchini wakati nafasi zilipokuwa wazi. Majina 20 hayahitaji ukuta mrefu, na la Mama Sisulu likiongezwa chini yake, ni 21.