Somo la roboti lianzie kwa cheni ya boda

Wadau, leo wacha niseme wazi. Sisi tunaotengeneza video za kufundisha roboti tuache kuanza na kufungua boksi la vifaa kutoka ng'ambo. Mtoto wa Ogembo au Nyamaiya akiona hivyo, kitu cha kwanza anajifunza ni kwamba yeye hana hilo boksi. Anafunga video, anaenda zake.

Na hapo nje ya geti la shule kuna boda. Iweke kwa stendi, uhesabu meno. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14, ya nyuma 42. Gawa 42 kwa 14, unapata 3. Yaani ya mbele ikizunguka mara tatu, gurudumu linazunguka mara moja. Mwendo umepungua, lakini nguvu ya kuzungusha gurudumu imeongezeka karibu mara tatu. Kidogo tu inapotea kwa msuguano. Ndiyo inasaidia pikipiki kupanda milima yetu ikiwa na mikungu ya ndizi nyuma.

Roboti nayo ni hivyo hivyo. Zile mota ndogo za manjano ambazo wanafunzi wengi huanza nazo zina gia za plastiki ndani. Aina ya kawaida, mota huzunguka mara 48 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Na kugeuka? Angalia kiti cha magurudumu: shika gurudumu la kushoto, sukuma la kulia, kitaelekea kushoto. Roboti ya mota mbili hugeuka hivyo, bila usukani.

Kuna wale watasema mambo ya boda ni ushamba, mtoto anataka teknolojia. Mimi sikubali. Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026, na walio nyuma yao wanaendelea kuchagua kama watafuata sayansi au la. Anayedhani roboti ni ya shule kubwa za Nairobi atajiondoa kabla hajajaribu.

Vifaa vinahitajika, siwezi kudanganya. Huwezi kujifunza kuandika programu ya mota kwa kuangalia cheni. Lakini vije baada ya mtoto kuelewa.

Kwa hivyo kama unarekodi Kisii au Nyamira, video ya kwanza iwe cheni, sproketi mbili na chaki. Iwe fupi, isimalize bando ya mtu. Na waambie wazime injini kabla ya kuhesabu meno. Cheni hukata vidole.