Chama Kimoja Kinarudi kwa Mlango wa Makuta

Vijana wenzetu wa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, na ninyi wa Fizi, Baraka, Bukavu na kwingine mnaotusoma,

Oktoba 2024, huko Kisangani, raisi wa Jamhuri alisema kwamba Katiba yetu inapaswa kuangaliwa upya na kwamba ataunda tume ya kuishughulikia. Tangu siku ile, Songo, Kimanga, Kakombe, kila pahali vijana wanapokaa, watu wanabishana juu ya kifungu 220, kile kinachofunga idadi na urefu wa vipindi vya raisi. Ni mabishano ya lazima. Lakini kuna swali moja tunaliruka kila mara: wale watakaoinua mkono juu ya Katiba hiyo, nani aliwalipia kampeni?

Tusome Katiba yenyewe. Kifungu 218 kinasema mabadiliko yanapitishwa na wananchi kwa referandumu. Halafu kinaacha mlango wa nyuma: Bunge la Taifa na Seneti wakikutana pamoja kama Kongre na kukubali kwa sehemu tatu kati ya tano, wananchi hatuulizwi tena. Mlango huo umeshatumiwa. Januari 2011 walipita hapo, na uchaguzi wa raisi uliokuwa wa raundi mbili ukawa wa raundi moja. Mpaka leo mtu anaweza kuwa raisi bila kufikisha nusu ya kura, na hakuna aliyekuja kugonga mlango wetu kutuuliza maoni.

Bunge la Taifa lina viti 500. Baada ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, Union Sacrée inashika zaidi ya 400. Mupige hesabu wenyewe.

Hatusemi kushinda ni zambi. Chama kikishinda kwa haki, kimeshinda. Lakini tuangalie vile kundi hili limezaliwa.

Wazee wetu waliishi chini ya MPR. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1967, na baadaye sheria ilisema kila Mzairwa ni mwanachama, atake asitake. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. UDPS ilizaliwa mwaka 1982, miaka minane kabla ya hapo, kwa sababu wabunge 13 walikataa kuimba wimbo mmoja na nchi nzima. Watu walifungwa juu ya hilo. Wengine walikufa. Hatuwezi kusahau.

Tangu 2006 tuna vyama vingi sana, mamia. Lakini kila mara, matokeo yakitoka, vyama hivyo vinakimbilia chini ya mwavuli mmoja. Mwaka 2006 mwavuli uliitwa AMP. Mwaka 2011 ukaitwa Majorité présidentielle. Mwaka 2018 ukaitwa FCC, na FCC ilikuwa na zaidi ya viti 300. Halafu Desemba 2020 raisi alivunja ndoa na FCC. Tarehe 10 Desemba, spika wa Bunge, Jeanine Mabunda, aliondolewa kwa kura 281 dhidi ya 200, katika Bunge lile lile lililomweka. Wiki chache baadaye FCC ilikuwa wachache, na Union Sacrée ikawa wengi.

Hapo katikati hakukuwa na uchaguzi. Hakuna mtu wa Uvira aliyeitwa kupiga kura tena. Watu ni wale wale, viti ni vile vile, wamegeuza koti tu. Juu gani? Hatukusikia mjadala wa programu. Hatukuambiwa kwamba Union Sacrée ina mpango bora juu ya barabara ya Bukavu–Uvira, ao juu ya maji ya Mulongwe yaliyobomoa nyumba zetu Aprili 2020. Tulisikia uvumi wa makuta, na uvumi haupelekwi tribinali.

Hapo njo penyewe. Sheria yetu ya uchaguzi inamdai mgombea amana ambayo hairudishwi: franka milioni 160 kwa anayetaka uraisi, franka milioni moja na laki sita kwa anayetaka ubunge wa taifa. Inamdai pia umri na masomo. Lakini haiweki kikomo cha makuta ya kampeni. Unaweza kutumia dola elfu mbili ao dola laki mbili, ni sawa. Kampeni ikiisha, hakuna anayesimama mbele ya wapiga kura na kusoma: nilipokea kiasi hiki, kwa fulani na fulani, nikatumia hivi na hivi. Kuna sheria ya Juni 2008 juu ya serikali kufadhili vyama, ili vyama visitegemee mifuko ya watu. Miaka inapita na vyama vinaendelea kutegemea mifuko ya watu.

Mtatuambia: Katiba iko na kifungu 99. Ndiyo, kinamlazimisha raisi na mawaziri kuandika mali zao wakiingia na wakitoka. Lakini karatasi hiyo inaenda Korti ya Katiba, haibandikwi kwenye ukuta wa komini tuisome. Na mbunge hamo katika kifungu hicho.

Sasa tufikiri pamoja. Mgombea ambaye hana mfuko mkubwa, na hakuna anayemuuliza, atatafuta makuta wapi? Kwa mfanyabiashara. Na mfanyabiashara hatoi sadaka. Yule anayelipia tishati, vikwembe, mafuta ya magari na transport ya watu wa mitingi, kesho atadai mzigo wake upite duane ya Kavimvira ao bandari ya Kalundu bila maswali. Mbunge atafanya nini? Akibaki upinzani, hana waziri wa kumpigia simu, hana nafasi ya kumpatia mtoto wa yule aliyemkopesha. Akijiunga na wenye serikali, mlango unafunguka. Deni njo linamtembeza. Linamtoa chama kimoja mpaka kingine, na mwisho wa safari ni pale penye hazina.

Kwa maoni yetu, hii njo siri ya chama kimoja cha leo. Mobutu alihitaji sheria ili kila mtu aingie MPR. Leo sheria haihitajiki. Inatosha uchaguzi kuwa na bei kali na makuta yake kukaa gizani. Wenye deni wataingia wenyewe, mmoja mmoja, bila kusukumwa. Kesho raisi mwingine akija na jina lingine la mwavuli, wataingia vile vile. Kwa hiyo usituambie kwamba hili ni jambo la kumchukia Félix ao kumpenda Kabila. Ugonjwa umewapita wote wawili.

Mahali wapiga kura ni wachache, ugonjwa unaonekana vizuri zaidi. Maseneta na magavana tunachaguliwa na madepite wa mkoa, watu ambao hapa Kivu ya Kusini hawafiki hata 50. Kununua mji mzima ni kazi. Kununua watu 25 ni kazi ya usiku mmoja. Machi 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta, malalamiko ya hongo yalikuwa mengi mpaka raisi mwenyewe alisimamisha kwa muda kuingia kwa maseneta wapya na kuomba uchunguzi. Kule Kinshasa, UDPS ilikuwa na madepite wake wa mkoa na haikupata hata seneta mmoja. Wakati ule chama cha raisi kilipiga kelele, na kilikuwa na haki. Leo kina nguvu ya kubadilisha sheria, na mfumo umebaki ule ule. Tunauliza tu.

Hata CENI imekubali kwamba kuna uozo. Mapema Januari 2024 ilifuta kura za wagombea 82, kati yao mawaziri na magavana, juu ya udanganyifu, hongo na kushika mashine za kura kinyume cha sheria. Masimanimba na Yakoma uchaguzi ulifutwa kabisa. Tulipongeza. Lakini kufuta kura si kufungua mfuko. Mashine ya kura haiuzwi butike. Kuna aliyeitoa, kuna aliyeilipia, na swali hilo ni kubwa kuliko jina la mgombea aliyekamatwa nayo.

Na sisi vijana tuko wapi katika hesabu hiyo? Katiba inasema mbunge awe na miaka 25. Tunayo. Sheria inaomba diploma. Tunazo, zimelala kwenye bahasha, tunazitolea fotokopi kila wiki kwa kazi ambazo zimeshapata wenyewe. Kilichobaki ni makuta. Msomi asiye na kazi hawezi kulipa amana, achilia mbali bendera na magari. Ana njia mbili: abebe mkoba wa onorabule, ao akae pembeni. Wenzetu wengi wazuri wamechagua mkoba. Hatuwatukani. Tunasema tu kwamba nchi imewapangia hivyo.

Hata kule chini, pahali ambapo kampeni ingeweza kufanywa kwa miguu, hawakutuachia nafasi. Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya mikoa tu. Bukavu walipiga kura hiyo. Uvira hatukupiga. Meya wetu na mabugumestri wetu wa Kalundu, Mulongwe na Kavimvira wanateuliwa, na anayeteuliwa anamwangalia aliyemteua.

Kuna neno tunalisikia sana kwa motari na kwa mama wa soko: "Mukule makuta yabo, lakini mupigie ule munapenda." Tunaelewa. Mtu ambaye hajala tangu asubuhi, humwambii akatae kilo ya sukari. Lakini tuseme ukweli: makuta hayo si yao. Franka elfu tano unayopewa Novemba itatafutwa miaka mitano mfululizo, kwa taksi ya soko, kwa bei ya vitu, kwa barabara ambayo bajeti yake imeliwa. Ni mkopo, na anayelipa ni wewe. Tena aliyekununua hana cha kukuogopa. Ukienda kumdai ahadi, atakujibu: tulishamalizana.

Wengine watasema sheria peke yake haitoshi. Kweli. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wana Sheria ya Gharama za Uchaguzi tangu 2010, yenye kikomo cha matumizi na wajibu wa kutaja vyanzo vya pesa. Na bado mwaka 2020 CCM ilichukua karibu viti vyote vya majimbo. Karatasi bila raia wanaouliza ni karatasi. Lakini raia wanaouliza bila karatasi wanajibiwa kwa polisi. Tunahitaji vyote viwili.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na tunayadai kwa wabunge wetu wa Uvira kwanza, juu wao tunajua nyumba zao:

1. Sheria inayomlazimisha kila mgombea na kila chama kutangaza, kabla na baada ya kura, nani alitoa makuta na yalitumika wapi.

2. Kikomo cha matumizi ya kampeni, na kiti kupotea kwa anayekivuka.

3. Uchaguzi wa komini na wa mji hapa Uvira, bila kungoja 2028.

4. Katiba isiguswe kwa njia ya Kongre. Kama wana uhakika kwamba wananchi wanataka, watuulize wananchi.

Na sisi hatutakaa tunangoja. Kila avenyu ianze daftari lake. Kampeni ikifika, tuandike: magari mangapi, bendera ngapi, vikwembe vingapi viligawiwa, siku gani, na mgombea gani. Hakuna haja ya kupigana wala kutukana mtu. Peni na daftari vinatosha. Tukiweka pamoja madaftari ya Songo, Kasenga, Kilibula, Kabindula na Rombe, tutakuwa na hesabu ambayo mgombea mwenyewe amekataa kuitoa. Na kila atakayekuja kuomba kura, kabla hajapewa kiti akae, aulizwe kwa sauti mbele ya wote: hii makuta, nani ametoa? Na umemwahidi nini?

Asiyeweza kujibu, asipate kura ya Uvira.