Sarafu ikikosekana Njiru, anayelipa ni mnyonge

Mimi ni mtu wa Kisauni, lakini tangu mwezi wa Shaaban niko Nairobi kwa shughuli za kikazi, nikikaa kwa dadangu huko Njiru. Leo nataka kuandika juu ya shilingi ishirini. Usicheke, msomaji. Kisa chenyewe hakinitoki akilini.

Jumatano moja jioni nilipanda matatu kutoka tao. Nauli ilikuwa shilingi 80. Kiti cha nyuma tulikaa watu watano, na kila mmoja wetu akatoa noti ya mia. Makanga alizikunja noti zetu katikati ya vidole akasema chenji tutapata mbele. Tulipofika mbele, alimpa mmoja wetu noti moja ya mia na kutuambia, "Nyinyi watano mgawane." Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, kwani ishirini mara tano ni mia. Kasoro ni kwamba noti haikatwi kwa kisu.

Mama mmoja kati yetu alishuka Komarock. Alisimama, akaitazama ile noti, akamtazama makanga aliyekuwa keshaanza kugonga bati, akashuka zake bila kusema neno. Sisi wanne tuliobaki tulishuka Njiru, tukaenda kwa muuza njugu kuvunja mia. Akatuambia havunji noti bure, mpaka tununue kitu. Tukanunua njugu za ishirini, akatupa sarafu nne za ishirini, kila mtu akachukua yake. Njugu tukagawana.

Nilipofika nyumbani ndipo nikang'amua. Kila mmoja wetu alikuwa amepata ishirini yake kamili, na njugu juu. Basi njugu zile zililipiwa na nani? Zililipiwa na yule mama wa Komarock.

Nimesomea stashahada ya uhasibu, na katika hesabu hakuna pesa inayopotea. Ikitoka mahali, imeingia mahali pengine. Tunaposema "chenji imekosekana" tunazungumza kana kwamba ni mvua iliyokataa kunyesha. Ukweli ni kwamba kila sarafu inapokosekana kuna anayebaki na pesa na kuna anayezikosa. Na anayezikosa karibu kila mara ni yule ambaye ishirini kwake ni kitu.

Njiru, kama mitaa mingi ya Eastlands, inaishi kwa kadogo. Mtungi wa maji wa lita ishirini hapa kwetu ni shilingi 20. Mafuta ya kupikia hupimwa ya 20 au ya 30. Maziwa ya mashine unaweza kununua ya kumi. Hamri la dadangu ni 10. Watu hawa hawakosi akili ya kununua kwa jumla. Ni kwamba mshahara wa vibarua wa machimbo ya mawe na wa mjengo huja kwa siku, na pesa ya siku hununua chakula cha siku. Kwa maisha ya namna hiyo sarafu ndiyo kipimo chenyewe. Ukiiondoa, umemwondolea mtu kibaba.

Tufanye hesabu ndogo. Kibarua anayekwenda tao siku 26 kwa mwezi, akikosa chenji ya shilingi 10 mara moja tu kwa siku, amepoteza 260. Hiyo ni mitungi 13 ya maji. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia kwamba haba na haba pia hukimwaga.

Upande wa pili ni wa wauzaji. Dadangu huamka saa kumi usiku kukanda unga, lakini kazi inayomsumbua zaidi ni kutafuta sarafu. Mteja wa kwanza akija na noti ya mia mbili kwa hamri moja, biashara imekwama. Kwa hiyo amepatana na kijana wa mkokoteni wa maji, ambaye jioni mifuko yake hujaa ishirini ishirini. Dadangu humpa noti ya mia tano, naye humhesabia sarafu za 480. Ile ishirini nyingine ni ya kuzibeba, asema. Yaani pesa ndogo sasa inanunuliwa kwa pesa.

"Kakangu," dada aliniambia, "mimi nauza mahamri, huyu ananiuzia shilingi."

Sarafu zenyewe zipo, na kisheria hazina tatizo. Tarehe 11 Desemba 2018 zilizinduliwa sarafu mpya za Kenya: ya shilingi 1 yenye twiga, ya 5 yenye kifaru, ya 10 yenye simba na ya 20 yenye ndovu. Wanyama walichukua nafasi ya marais kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu zetu. Zile za zamani zenye Kenyatta, Moi na Kibaki hazikufutwa, bado zinatembea pamoja na mpya. Lakini lini mara ya mwisho umempa mtu twiga na akafurahi? Shilingi moja iko hai kwenye sheria na kwenye risiti za supamaketi. Mtaani imekufa na hakuna aliyetangaza matanga. Shilingi tano nayo inaumwa. Hamri lililokuwa la tano halikupanda kuwa la sita wala la saba, liliruka hadi kumi. Sarafu ndogo ikifa, bei hazipandi ngazi, zinaruka.

Kwa nini sarafu hazionekani? Zikitoka benki huenda kwa mwananchi, na kwa mwananchi huishia kwenye mkebe, kwenye droo, chini ya kiti cha gari. Kuzirudisha benki ni nauli, foleni na kuhesabu mbele ya watu. Nani atatoka Njiru kupeleka sarafu za mia sita? Noti huenda na kurudi. Sarafu huenda zikalala.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kale, kwamba dawa ni simu. Nawakubalia nusu. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ndiyo iliyoirudishia shilingi moja heshima yake. Kwa simu unaweza kulipa 17 na muuzaji akapata 17, hakuna peremende ya kufidia. Kutuma shilingi 100 kushuka chini hakukatwi kitu. Hilo ni jambo jema kwa maskini na nisilifiche.

Lakini nusu nyingine naikataa, na sababu ziko wazi kibandani kwa dada. Mpwa wangu wa miaka minane hutumwa dukani mara nne kwa siku, naye hana simu. Mzee wa machimboni simu yake imezima tangu mchana. Isitoshe, pesa iliyoingia kwenye simu si lazima ibaki ya mwenyewe. Mwenye deni la Fuliza hukatwa papo hapo pesa inapoingia, hata kama pesa hiyo ilikuwa ya unga wa kesho. Na ukitaka kuigeuza iwe ya mkononi, kutoa shilingi 100 kwa wakala kunakatwa 11. Mkopo wa gani huo unaomkata mtu asilimia 11 kwa dakika moja? Sarafu ikishaingia mkononi, haikatwi na mtu.

Serikali nayo ilishajaribu. Mwaka 2014 ilitaka nauli zote za matatu zilipwe kwa kadi. Mpango ule ulikufa, kwa sababu gari barabarani lina gharama nyingi za siku, nyingine zisizo na risiti, na zote zinataka pesa taslimu. Leo abiria wengi hulipa kwa simu, lakini makanga hajaacha kushika noti katikati ya vidole. Pesa taslimu haitoki Njiru kesho wala kesho kutwa. Basi tuitengeneze.

Sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Kilwa ilikuwa ikifua sarafu zake za shaba karne nyingi kabla ya Nairobi kuwa mji. Babu zetu waliuza karafuu na pembe kwa reale ya Maria Theresa, ile dola ya fedha ya Austria iliyoandikwa mwaka 1780 hata ilipofuliwa miaka mia moja baadaye. Lakini dola ile ilikuwa kubwa mno kwa mnunuzi wa sokoni. Ndiyo maana Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alifuliza pesa ndogo za shaba za mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Na juu ya pesa ile ndogo pakachorwa mizani. Hakuna picha inayofaa zaidi. Sarafu ndogo ni mizani ya mnyonge.

Marekani wanatupa somo la namna ya kushindwa. Walitoa sarafu ya dola mwaka 1979, wakatoa nyingine mwaka 2000, nyingine tena kuanzia 2007 zenye sura za marais wao. Watu hawakuzitaka. Ilipofika Desemba 2011 serikali iliacha kuzifua kwa matumizi ya kawaida kwa sababu zaidi ya bilioni moja zilikuwa zimelala ghalani. Sababu kubwa ni moja: noti ya dola moja haikuondolewa, na mtu akipewa hiari hubeba iliyo nyepesi. Majirani zetu Tanzania walipoleta sarafu ya shilingi 500 mwaka 2014, lengo lilikuwa ichukue nafasi ya noti ya 500 iliyokuwa ikichakaa upesi, na leo ni sarafu ya kila siku. Sisi wenyewe tulifanya hivyo kwa ishirini mwaka 1998. Itafika siku noti yetu ya 50, ambayo siku hizi hutembea imebandikwa gundi, nayo itazungumziwa. Siku hiyo tukumbuke kwamba sarafu haifaulu kwa uzuri wa ndovu wake. Hufaulu ikipewa kazi na njia ya kurudi.

Naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka nje.

La kwanza ni la Benki Kuu na mabenki. Sarafu zifikishwe mitaani, na zipokewe mitaani. Kama wakala wa benki anaweza kukaa kila kona ya Njiru akipokea noti, awezeshwe kupokea na kutoa sarafu bila kumkata mtu.

La pili ni la sheria. Kama shilingi moja imeshakufa, na izikwe rasmi, tukiambiwa bei zitakatwa vipi. Kanada walipoacha kufua senti yao mwaka 2012 waliweka utaratibu: anayelipa taslimu hukatiwa kwenda juu au kwenda chini, kwa senti tano iliyo karibu, na anayelipa kwa kadi hulipa bei kamili. Huku mtaani kila anayeuza hujikatia mwenyewe, na makato yake yanajua njia moja tu, ya juu.

La tatu ni letu. Ijumaa sanduku la sadaka la msikiti hujaa sarafu, na Jumapili kapu la kanisa vivyo hivyo. Msikiti ninaposwali hapa Njiru, mweka hazina alikuwa akizifunga kwenye mifuko hadi mwisho wa mwezi. Nilimfuata baada ya swala nikamweleza habari za dadangu na kijana wa maji. Sasa kila Ijumaa alasiri akina mama watatu wenye vibanda huenda na noti zao, wakahesabiwa sarafu shilingi kwa shilingi. Msikiti haukupoteza kitu, mweka hazina amepunguziwa mzigo, na dada anabaki na ishirini yake. Kila mtaa wenye msikiti au kanisa unaweza kufanya hivi kuanzia wiki hii.

Na makanga je? Huyo nina neno naye, lakini nina neno na nafsi yangu kwanza. Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja katika vipimo. Nimeisikia tangu chuoni, na siku zote nilidhani inamhusu mwenye duka. Sikudhani inaweza kumhusu abiria aliyeshuka Njiru akitafuna njugu.

Ijumaa iliyofuata nilitia ishirini kwenye sanduku kwa niaba ya mama wa Komarock. Nilipotoka sikuona kuwa nimelipa. Sanduku si yeye. Tangu siku hiyo hupanda matatu na nauli kamili mkononi, na nikikaa kiti cha nyuma huwauliza wenzangu mapema ni nani anashuka wa kwanza, ili naye apate chake kabla ya gari kusimama.