Mazungumzo ya Nyumbani: Karata Zile Zile



Mwezi wa Julai, mwaka 2018, tulifika Atlanta, mji mkubwa wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, tukahudhuria mashindano makuu ya bridge ya Amerika ya Kaskazini. Bridge ni mchezo wa karata, nasi twajua wengine mtakunja uso mkisikia neno hilo. Sisi nasi tuliingia kwa mashaka. Lakini hapakuwa na fedha ya kushindaniwa mezani. Mshindi huandikiwa alama za heshima tu.

Ukumbi ulikuwa mpana, meza zimepangwa safu kwa safu, na kwa wingi wa watu tulidhani tutasikia kelele za soko. La, palikuwa kimya. Kila meza ina watu wanne, wawili kwa wawili, kila mtu amekabiliana na mwenziwe. Hata turufu hawaitaji kwa kinywa. Huweka mezani kijikadi chenye neno lao, ili sauti isitoe ishara ya siri.

Lililotustaajabisha zaidi ni hili. Karata zikiisha kuchezwa hazichanganywi. Kila mtu huzirudisha zake 13 katika kikasha chembamba chenye mifuko minne, nacho hupelekwa meza nyingine, ili wengine nao wacheze karata zile zile. Mwisho hawaulizi, “Nani alipata ree nyingi?” Huuliza, “Wote mliopewa karata hizi, kila mmoja alizitumiaje?” Tulimwona mzee mmoja na mkewe, karata zao dhaifu, wakashindwa. Lakini walishindwa kwa kidogo kuliko wote waliozishika karata zile, basi wakaandikiwa alama za juu.

Tukasema moyoni, “Hii ndiyo haki.” Lakini haki hiyo ilikuwa na mlango, na mlango ulifungwa miaka mingi. Chama kikubwa cha mchezo huu, American Contract Bridge League, kiliundwa mwaka 1937, nacho kwa muda mrefu kiliwakataa watu weusi. Wao walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, American Bridge Association, mwaka 1932, wakashindana wenyewe kwa wenyewe. Hata mwaka 1967 ndipo chama kikubwa kilipoondoa kizuizi cha mwisho cha rangi. Angalieni basi: kwa miaka 30 watu walijitaabisha kusawazisha karata, wala hawakuwasawazisha wanadamu.

Siku ile Atlanta tuliwaona weusi na weupe wakiketi meza moja, wakipokezana kikasha kimoja. Kwa kijana aliyekuwapo halikuwa jambo la kutazamwa. Kwa mzee aliyekumbuka, lilikuwa jambo kubwa.

Nasi, wazazi na walimu, tujiulize. Twapenda kuwalinganisha watoto: huyu wa kwanza, yule wa mwisho. Je, walipewa karata zile zile? Binti aliyechota maji alfajiri na kuwabeba wadogo zake, na kijana aliyelala hata jua likachomoza, tutawapimaje kwa kipimo kimoja? Tena, kabla hatujamsifu wa kwanza, tutazame mlangoni: ni nani aliye nje, ambaye hatukumfungulia?

Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.