Mwanafunzi akihesabu pumzi za mwanao, mwachie dakika yake

Katika kituo kimoja cha afya cha Bonde la Msangano, wilayani Momba, nilimkuta bibi mmoja amekasirika. Alikuwa amempakata mjukuu wake wa miezi 14 na alikuwa hapo tangu alfajiri. Mbele yake alipiga magoti binti mwenye sare, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Alikuwa amempandisha mtoto fulana, anamtazama tumbo, saa mkononi, na hasemi neno.

“Dokta, huyu binti ananitazamia tu mtoto, hapimi kitu,” bibi aliniambia. “Mtoto ana malaria. Naomba dawa mseto nikawahi shamba, ndege wanamaliza mpunga.”

Binti hakuinua macho mpaka dakika ilipoisha. Kisha akasema, “Shikamoo dokta. Bibi, nisamehe, nilikuwa nahesabu. Pumzi 58.”

Kipimajoto kilikuwa kimesoma nyuzi 37.2. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Kwa mazoea yetu, mtoto wa namna hiyo huandikiwa dawa ya kikohozi akarudi nyumbani. Lakini pumzi 58 kwa dakika kwa mtoto wa miezi 14 ni nyingi mno. Tulipomwangalia vizuri tukaona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta hewa, na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kikasoma oksijeni asilimia 88. Mtoto alikuwa na nimonia kali. Alichomwa sindano za kwanza palepale, akawekewa oksijeni, gari likaandaliwa kumpandisha hospitalini. Alikaa huko siku sita, akarudi nyumbani mzima.

Simlaumu bibi. Msangano ni bonde la joto na mashamba ya mpunga, na mbu wapo wengi. Huko mtoto akilegea, watu husema malaria, na mara nyingi hawakosei. Shida ni kwamba nimonia nayo huja na ulegevu uleule, na si lazima ije na joto kali. Mtoto anaweza pia kuwa na vyote viwili kwa pamoja, kipimo cha malaria kikasema ndiyo, sote tukaridhika, na mapafu yakasahauliwa.

Wiki hii nataka kuitetea ile dakika ya binti, kwa sababu nasikia malalamiko yakizidi. Wagonjwa wanasema vituo vimejaa wanafunzi, wanafunzi wanachelewesha foleni, wanapima mara mbili kitu ambacho nesi mkubwa anakimaliza kwa kutupa jicho. Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu. Pumzi hazihesabiwi kwa kutupa jicho.

Nina sababu ya kulisema hilo. Nikiwa mwanafunzi wa udaktari, hospitali siitaji, nilipewa wodi ya watoto zamu ya usiku. Niliandika joto, mapigo ya moyo, na kwenye safu ya upumuaji nikajaza 24, 26, 24, mpaka mwisho wa wodi. Sikuhesabu hata mmoja. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, akafungua faili moja akaniuliza, “Daktari, huyu wa miezi mitatu anapumua mara 24?” Nikanyamaza. Kichanga wa umri huo akipumua mara 24 tu kwa dakika huenda anaelekea kuacha kupumua. Alichukua saa yangu mwenyewe, akakaa kando ya kitanda, akahesabu. Zilikuwa 66. Hakunigombeza, alinirudishia saa yangu na kwenda kumwita daktari wa zamu. Nina zaidi ya miaka 40 sasa na bado namkumbuka kila nikiona faili lenye pumzi 20 kwa mgonjwa wa kwanza, wa pili na wa kumi.

Kwa nini tunaruka pumzi na haturuki presha? Kwa sababu presha ina mashine, joto lina kipimajoto, mapigo ya moyo hutokea kwenye kioo cha mashine. Pumzi zinahitaji jicho la mtu, saa, na dakika nzima ambayo mpimaji anaonekana hafanyi kazi. Na mtu akijua anahesabiwa, hubadilisha anavyopumua. Ndiyo maana muuguzi mzuri hukushika mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo, kumbe macho yako kifuani kwako. Usimsemeshe wakati huo.

Mzazi, kuhesabu huku unaweza kukufanya wewe mwenyewe nyumbani, na hakuna kipimo kingine cha bure chenye thamani kama hiki. Subiri mtoto atulie. Asiwe analia, asiwe ananyonya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Funua nguo, tazama tumbo au kifua: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana watoto wadogo hupumua kwa kukimbia kisha wakatulia kidogo. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Rudia kuhesabu mara ya pili, na zikibaki 60 au zaidi usingoje asubuhi. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, nyingi ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka mitano, 40 au zaidi. Namba hizi ndizo zinazotumika katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ambao wahudumu wetu wanafundishwa. Sasa unazo na wewe.

Kifua kikibonyea ndani, au mtoto akikoroma kwa ndani akiwa macho na ametulia, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea mpaka haamki vizuri, acha kuhesabu. Ondoka naye uende kituoni. Kwa watu wa bondeni nasisitiza zaidi msimu wa masika, maana barabara ikikatika, saa mbili za kusubiri “tuone akiamka” zinaweza kuwa ndizo zile gari lingepita.

Joto nitalisema kwa ufupi. Kiganja cha mama ni kizuri cha kuanzia, si cha kumalizia. Kwapani, nyuzi 37.5 na kuendelea ni homa. Mtoto aliyefungwa khanga mbili na blanketi katika joto la Msangano anaweza kusoma juu bila kuumwa, basi mfungue, ngoja kidogo, pima tena. Na kwa kichanga wa chini ya miezi miwili, ubaridi unatisha sawa na homa. Akisoma chini ya 35.5 ni hatari, ingawa wengi humwona “ametulia”.

Mapigo ya moyo ya mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Ya watoto hukimbia zaidi, na homa huyaongeza, hivyo usishtuke kwa namba peke yake. Jaribio dogo ambalo wanafunzi hulifanya na wagonjwa hudhani ni mchezo ni la kubonyeza ukucha wa mtoto mpaka uwe mweupe kisha kuachia. Rangi ikichelewa zaidi ya sekunde tatu kurudi, na mikono ikiwa ya baridi, damu haifiki vizuri inakotakiwa. Mtoto huyo hapangi foleni.

Presha ndiyo yenye ugomvi mwingi. Mgonjwa ametembea kutoka kijiji cha jirani, amefika anahema, amekaa benchi huku anasimulia habari za msiba, mkanda umefungwa juu ya mkono wa sweta, halafu anaambiwa ana 160 na anaanzishiwa dawa. Akiwa na dalili hatarishi, ni sawa ashughulikiwe haraka. Asipokuwa nazo, kipimo hicho kirudiwe. Ukitaka namba ya kweli, kojoa kwanza, kaa dakika tano umeegemea, miguu yote miwili chini, usikunje nne, mkono ulio wazi uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Kahawa na sigara viwe vimeachwa nusu saa kabla. Mwanafunzi anayekuambia ukae kwanza hajakudharau, anafuata darasa lake. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mpana, kwa sababu mkanda mdogo husoma juu kuliko ukweli. Na presha ya 140 juu au 90 chini ipimwe tena siku nyingine kabla mtu hajabandikwa jina la mgonjwa wa presha maisha yake yote.

Mjamzito hahusiki na uvumilivu huo. Mama mwenye mimba iliyovuka miezi mitano akisoma 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena siku hiyohiyo na mkojo upimwe protini. Akisoma 160 kwa 110, au akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu machoni, akiumwa chini ya chembe ya moyo, hiyo ni dharura: kifafa cha mimba kinaweza kuwa mlangoni. Kuna namba 115 ya mfumo wa m-mama, bila malipo, kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga. Iandike nyuma ya kadi ya kliniki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikadiria vifo 104 vya wanawake kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulikadiria 556. Tumepiga hatua, na mkanda wa presha kliniki ya wajawazito ni sehemu ya hatua hiyo. Mama akiondoka kliniki bila presha yake kuandikwa kwenye kadi, arudi dirishani aulize.

Kuhusu kile kifaa cha kidoleni, mtu mzima wa kawaida husoma 95 hadi 100. Chini ya 90 anahitaji oksijeni. Kina hila zake. Rangi ya kucha, hina iliyokolea, vidole vya baridi na mtoto anayerusha mkono vyote hukichanganya. Lipo pia jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi lazima tulijue. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa hiki kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Kwa hiyo kikisema 93 na mtoto kifua kinabonyea, amini kifua. Hii ndiyo sababu nyingine ya kumwachia binti na saa yake hata siku kituo kitakapokuwa na mashine za kila aina.

Sisemi umkubalie kila anayevaa sare. Una haki ya kujua kwamba anayekupima ni mwanafunzi, jina lake nani, na nani anamsimamia. Mwanafunzi asiyejitambulisha muulize bila ukali. Akipata namba ya kushangaza, omba msimamizi wake arudie. Na kila akimaliza, muulize swali moja: “Umepata ngapi?” Aliyehesabu atakujibu mara moja. Aliyebuni ataanza kutafuta karatasi.

Nanyi wanafunzi mnaosoma safu hii, maana najua mpo: usichokipima usikiandike. Acha wazi. Safu iliyo wazi itamfanya anayekuja zamu ijayo apime. Safu yenye 20 ya uongo itamfanya apite. Mkilemewa na wingi wa wagonjwa, anzeni na aliye mdogo kuliko wote na aliyekaa kimya kuliko wote. Anayelia kwa nguvu ana hewa ya kulilia. Walimu wenu nao wana lawama yao. Tukiwapeleka wanafunzi sita wodini na saa moja yenye mshale wa sekunde, tusishangae wakituletea namba za kubuni. Na msimamizi anayesaini karatasi ya vipimo bila kurudia hata mgonjwa mmoja amefundisha kitu siku hiyo, ingawa si uuguzi.

Bibi wa Msangano nilikutana naye tena mjukuu aliporudi kuangaliwa. Safari hii alikuwa na swali, na lilikuwa zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wasomi. Nyumbani kwake hakuna saa. Atahesabuje dakika? Binti yule alichukua simu ya bibi, simu ndogo ya tochi, akatafuta mahali pa saa ya kuhesabia sekunde, akamwonyesha kitufe cha kuanzia na cha kusimamishia. Wakakaa benchini wote wawili, mtoto amelala, bibi anahesabu kwa sauti ya chini na binti anahesabu kimya. Bibi alipata 32, binti alipata 33. Wakarudia.